John Browning: fundi aliyeifanya bastola itulie mfukoni

Tarehe 26 Novemba 1926, Mmarekani mmoja mwenye umri wa miaka 71 alikuwa kazini katika kiwanda cha silaha cha Fabrique Nationale, huko Herstal karibu na jiji la Liège, mashariki mwa Ubelgiji. Mbele yake ilikuwapo bastola mpya ambayo alikuwa hajaikamilisha. Ghafla alijihisi vibaya, akaenda kujilaza katika ofisi ya mwanawe, Val, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda hicho hicho. Moyo wake ulisimama hapo hapo.

Mzee huyo aliitwa John Moses Browning. Novemba 2026 inatimiza miaka 100 tangu afariki dunia. Katika nchi zetu za Maziwa Makuu jina lake hutamkwa zaidi na askari na wafanyabiashara wa silaha kuliko na walimu wa historia. Hata hivyo, tatizo moja dogo alilolitatua, yaani namna ya kumwezesha mtu kubeba bastola kutwa nzima bila kuumia na bila kuonekana, lina uhusiano na mipaka yetu, na hata na lugha za kigeni tulizofundishwa shuleni.

Mtoto wa karakana

Browning alizaliwa tarehe 23 Januari 1855 katika mji wa Ogden, eneo la Utah, magharibi mwa Marekani. Baba yake, Jonathan Browning, alikuwa fundi wa bunduki na muumini wa kanisa la Wamormoni. Waumini hao walipofukuzwa Illinois na kuanza safari ndefu kuelekea magharibi, Jonathan alibaki njiani kwa miaka kadhaa akiwatengenezea silaha wasafiri, kisha akafika Utah mwaka 1852. Alikuwa na wake watatu na watoto 22.

John hakusoma sana. Darasa lake lilikuwa karakana ya baba, palipokuwa na tanuri, tupa na lundo la vyuma chakavu. Wanaosimulia maisha yake husema kuwa alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi alipounda bunduki yake ya kwanza kutokana na mabaki ya karakana hiyo. Mwaka 1869 reli iliyoziunganisha pwani mbili za Marekani ilikamilika mahali pasipo mbali na Ogden, na mji huo mdogo ukawa njia panda ya biashara.

Mwaka 1879 ulikuwa mwaka wa mambo makubwa kwake. Alimwoa Rachel Teresa Child, baba yake akafariki dunia, na mwezi Oktoba akapata hataza yake ya kwanza, ya bunduki inayopiga risasi moja moja. Yeye na ndugu zake walijenga kiwanda kidogo wakaanza kuiunda wenyewe. Mwaka 1883 mkuu wa kampuni ya Winchester, Thomas Bennett, alifunga safari hadi Ogden na kununua haki za bunduki hiyo kwa dola 8,000. Kwa takribani miaka 19 iliyofuata, Winchester ilinunua bunduki moja baada ya nyingine kutoka kwa fundi huyo wa Utah.

Wakati fulani mwaka 1889, Browning aliona majani yakiinama kwa upepo uliotoka mdomoni mwa bunduki kila ilipofyatuliwa. Wengine wangeyatazama na kupita. Yeye aliona nguvu inayopotea bure, akaanza kutafuta jinsi ya kuitumia ili bunduki ijipakie risasi yenyewe. Wazo hilo lilimfikisha kwenye bunduki ya rashasha. Lakini kujipakia kwa silaha kulimwongoza pia kwenye kitu kidogo zaidi, nacho ni bastola.

Shida ya aliyetaka kubeba

Ili kuielewa kazi yake, inafaa kukumbuka hali ya mtu wa mjini wa mwisho wa karne ya 19 aliyetaka kutembea na bastola kila siku. Silaha iliyokuwapo ilikuwa rivolva, ambayo risasi zake hukaa katika pipa dogo linalozunguka. Pipa hilo ni nene kuliko sehemu nyingine yoyote ya silaha, hivyo hutokeza chini ya nguo na kukandamiza ubavu. Nyundo yake, iliyochomoza kwa nyuma kama ukucha, hunasa kwenye bitana ya koti wakati mtu anapoitoa. Nacho chuma chote hicho ni kizito, huuvuta mfuko upande mmoja na kulifanya koti zima lining'inie vibaya.

Askari hakuwa na shida hiyo, kwa kuwa aliivaa bastola yake kiunoni, ndani ya mfuko wa ngozi, na wote waione. Mchunga ng'ombe wa magharibi mwa Marekani naye hakujali kuficha. Aliyesumbuka ni mwenye duka, karani wa benki, daktari anayetembelea wagonjwa usiku, au msafiri wa garimoshi, aliyevaa koti la kubana mwili kama ilivyokuwa desturi ya mijini. Huyo alilazimika kuchagua kati ya kubeba mzigo unaomchosha na kuiacha silaha nyumbani.

Bastola ndogo zilikuwapo, lakini zilikuwa na upungufu wake. Ile iliyomuua Rais Abraham Lincoln mwaka 1865 ilitosha kiganjani, ila ilibeba risasi moja tu. Katika miaka ya 1890, Ufaransa na Ubelgiji ziliuza rivolva ndogo zilizokusudiwa waendesha baiskeli waliosumbuliwa na mbwa barabarani. Nazo zilikuwa na pipa lile lile linalotokeza. Mwaka 1901, kijana aliyempiga risasi Rais William McKinley mjini Buffalo alilazimika kuifunga rivolva yake kwa leso mkononi, kana kwamba ameumia, ili isionekane.

Browning aliliangalia tatizo hilo kama fundi anayekata chuma kwa kipimo cha mwili. Alizihamisha risasi kutoka kwenye pipa na kuzipanga ndani ya mpini, mahali ambapo mkono ungeshika kwa vyovyote. Juu ya mtutu aliweka kifuniko cha chuma kinachoteleza, ambacho hurudi nyuma kwa nguvu ya risasi, hutupa nje ganda tupu, kisha husukumwa mbele na springi kikiwa kimepakia risasi nyingine. Katika bastola zake za mfukoni, nyundo aliifunika au aliiondoa kabisa. Silaha iliyopatikana ilikuwa bapa mithili ya kitabu kidogo, isiyo na kitu cha kunasa.

Njia ya kwenda Ubelgiji

Kampuni ya Colt ya Marekani ilipendezwa na bastola zake kubwa. Ile ndogo ilipata bahati yake ng'ambo ya bahari, na kwa njia isiyotarajiwa. Kiwanda cha Herstal kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1889 ili kuunda bunduki za jeshi la Ubelgiji, na kazi ilipopungua kikageukia hata baiskeli. Mwaka 1897 mjumbe wake, Hart Berg, alikuwa Marekani kwa shughuli zinazohusu baiskeli hizo, akakutana na Browning. Alirudi Ubelgiji na bastola ya mfano, na mwezi Julai mwaka huo huo mkataba ukatiwa saini.

Bastola iliyotokana na mkataba huo, inayojulikana kama modeli ya 1900, ilipokewa na jeshi la Ubelgiji na kununuliwa na raia kwa mamia ya maelfu. Rais Theodore Roosevelt wa Marekani alikuwa na yake. Kwa Kifaransa neno browning likawa jina la kawaida la bastola yoyote inayojipakia, bila kujali aliyeiunda.

Mwaka 1902 Browning mwenyewe alivuka bahari hadi Ubelgiji. Alikuwa amegombana na Winchester kuhusu malipo ya bunduki yake mpya ya kuwindia ndege, kwa kuwa safari hii alidai mrabaha kwa kila bunduki itakayouzwa badala ya bei moja ya jumla. Herstal ilikubali. Kuanzia hapo alikwenda na kurudi mara nyingi mno. Inahesabiwa kuwa safari aliyofia ilikuwa ya 61.

Kizibao na koti

Baada ya hapo alizidi kupunguza. Mwaka 1903 Colt ilitoa bastola yake ya mfukoni yenye nyundo iliyofunikwa. Kisha ikaja modeli ya 1906 ya Herstal, yenye urefu wa sentimita 11 hivi na uzito usiofika gramu 400. Iliweza kukaa katika mfuko wa kizibao, pale wanaume wa zama hizo walipoweka saa zao. Aliyeibeba angeweza kuketi mezani, kupanda ngazi au kucheza dansi bila kukumbuka kuwa anayo.

Browning alifahamu pia kwamba starehe ya kubeba silaha si suala la uzito pekee. Mtu hawezi kutulia na bastola iliyo karibu na ubavu wake iwapo anahofu itafyatuka yenyewe. Ndiyo maana aliweka nyuma ya mpini kizuizi kisichofunguka mpaka kiganja kikibane, kwa hiyo bastola iliyomo mfukoni hubaki imefungwa hadi ishikwe kwa nia.

Katika modeli ya 1910 aliyaunganisha hayo yote. Springi aliizungushia mtutu wenyewe, na hivyo akaondoa unene uliokuwapo juu yake. Vilengeo alivizamisha katika mfereji mwembamba ili visikwaruze nguo. Vizuizi vya usalama vilikuwa vitatu. Silaha nzima ilikuwa na urefu wa sentimita 15 hivi na uzito wa takribani gramu 600, laini kama jiwe la mtoni, na ilibeba risasi sita au saba kulingana na ukubwa wake.

Mwanzoni mwa mwaka 1914 kiwanda cha Herstal kilisherehekea bastola ya Browning ya milioni moja. Serikali ya Ubelgiji ilimtunuku fundi huyo nishani ya Leopold.

Lakini dalili nyingine zilikuwa zimekwisha kuonekana. Mwaka 1904 gavana wa Urusi nchini Finland, Nikolai Bobrikov, aliuawa mjini Helsinki kwa bastola ya Browning. Mwaka 1909 Mkorea mmoja aliitumia ya aina hiyo hiyo kumuua kiongozi wa Japani, Ito Hirobumi, katika stesheni ya reli ya Harbin. Mwaka 1911 ikawa zamu ya waziri mkuu wa Urusi, Pyotr Stolypin, ndani ya jumba la opera mjini Kiev. Kitu kilichomwezesha karani kutembea usiku bila hofu kilimwezesha pia muuaji kusimama katikati ya umati, amevaa vizuri, mikono mitupu, mpaka dakika ya mwisho.

Serikali zilianza kutambua kwamba udogo wenyewe ni suala la sheria. Uingereza ilipitisha mwaka 1903 sheria iliyodhibiti uuzaji wa bastola zenye mtutu mfupi. Jimbo la New York lilifuata mwaka 1911, likidai leseni kwa silaha inayoweza kufichwa mwilini.

Asubuhi ya Sarajevo

Tarehe 28 Juni 1914, Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungaria, alitembelea Sarajevo pamoja na mkewe, Sophie. Miongoni mwa watu waliosimama barabarani kumtazama walikuwamo vijana kadhaa waliokula njama ya kumuua. Walikuwa na mabomu sita na bastola nne za Browning, modeli ya 1910, zilizotengenezwa Herstal.

Bomu lililorushwa asubuhi hiyo lilimkosa mwanamfalme. Baadaye dereva wa gari lake alikosea njia, akasimama ili arudi nyuma, na gari likawa hatua chache tu kutoka kwa Gavrilo Princip, kijana wa miaka 19. Princip alitoa bastola aliyokuwa ameificha mwilini na kufyatua risasi mbili. Mume na mke wote wawili walifariki dunia.

Wanahistoria hawakubaliani kuhusu nani wa kulaumiwa kwa vita vilivyofuata. Wapo wanaotaja mashindano ya mataifa makubwa, wengine hutaja mikataba ya siri au tamaa ya makoloni. Hakuna anayesema kuwa bastola ndiyo iliyovianzisha. Lakini cheche ya siku ile ilitoka katika silaha ambayo kwa saa kadhaa, kwenye barabara iliyojaa watu na walinzi, hakuna aliyeiona.

Mwezi Agosti majeshi ya Ujerumani yaliingia Ubelgiji. Liège ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kushambuliwa, na kiwanda cha Herstal kikaangukia mikononi mwa wavamizi. Silaha iliyotoka katika mji ule ikawa imerudi nyumbani ikiwa na umbo la vita.

Vita vyafika kwetu

Havikuishia huko. Tarehe 8 Agosti 1914 meli ya kivita ya Uingereza iliupiga mizinga mji wa Dar es Salaam. Mwezi Novemba ikaja vita ya Tanga, ambapo jeshi lililotoka India lilishindwa na askari wachache wa Wajerumani, na ambayo watu wa pwani huikumbuka kwa nyuki walioshambulia pande zote mbili. Mwaka 1916 majeshi ya Ubelgiji yalitoka Kongo kuelekea mashariki. Yaliingia Kigali mwezi Mei, yakateremka Burundi, na mwezi Septemba yakaiteka Tabora.

Mzigo mkubwa wa vita hivyo haukubebwa na wanajeshi wa Ulaya. Ulibebwa vichwani na wapagazi waliochukuliwa vijijini, ambao makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebaki na jina la kikosi chao cha wapagazi. Silaha zilinyamaza tarehe 25 Novemba 1918 mjini Abercorn, ambao leo ni Mbala nchini Zambia, majuma mawili baada ya Ulaya kutia saini usitishaji wa mapigano.

Baada ya vita Ujerumani ilinyang'anywa makoloni yake. Tanganyika ilikwenda kwa Uingereza. Rwanda na Burundi ziliwekwa chini ya Ubelgiji, nchi ile ile iliyokuwa na kiwanda cha Herstal, na zikabaki chini yake hadi Julai 1962. Mipaka tunayoivuka leo kwa vitambulisho na vibali, na sababu ya mtoto wa Bujumbura kufundishwa Kifaransa huku mwenzake wa Kigoma akifundishwa Kiingereza, ina mizizi katika majira yale ya joto ya mwaka 1914.

Miaka ya mwisho

Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, Browning aliipa serikali yake haki za bunduki zake za rashasha kwa dola 750,000, kiasi kidogo mno kulinganisha na mrabaha ambao angeweza kuudai. Bastola yake kubwa ya mwaka 1911 ilikuwa tayari kiunoni mwa maofisa wa jeshi hilo, baada ya kufyatua risasi 6,000 katika majaribio bila kukwama. Mwanawe Val alipelekwa Ufaransa kuwafundisha askari matumizi ya silaha za babake.

Kwa tabia alikuwa mtu mkimya, mrefu, aliyependa kuwinda ndege kuliko kuhutubia. Alipata hataza 128 katika maisha yake. Vita vilipokwisha alirejea Herstal kama mtu anayerudi kwenye meza aliyoiacha na vyombo vyake juu yake. Bastola aliyokuwa akiifanyia kazi siku ya kufa kwake ilikamilishwa na mwanafunzi wake wa Kibelgiji, Dieudonné Saive, ikatoka mwaka 1935 na kuenea katika majeshi mengi duniani. Mwili wake ulirudishwa Ogden na kuzikwa huko.

Ni vigumu kumhukumu fundi kwa kila mkono utakaoshika kazi yake. Browning hakumjua Princip, na vizuizi vitatu vya modeli ya 1910 vinaonyesha kuwa alimfikiria kwa dhati mtu ambaye angeibeba. Tunaloweza kusema bila kumdhulumu ni kwamba alifikiria usalama wa mwenye bastola. Vizuizi vile humlinda aliyeibeba. Havikuundwa kwa ajili ya anayesimama mbele yake bila kujua kuwa ipo.

Suala hilo la pili liliachiwa sheria, na sheria zimekwenda taratibu. Mwezi Aprili 2004 mataifa ya Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika yalitia saini Itifaki ya Nairobi, inayozitaka nchi kudhibiti silaha ndogo ndogo mikononi mwa raia na kuzitia alama ili zifuatiliwe zinakotoka na zinakokwenda. Mwaka huo huo wa 2004, bastola za njama ya Sarajevo, zilizokuwa zimehifadhiwa kwa miongo mingi na mapadri Wajesuti, zilikabidhiwa kwa jumba la makumbusho ya kijeshi mjini Vienna. Sasa zimelazwa ndani ya kabati la kioo, mahali ambapo kila mpita njia anaweza kuziona.